Wa Mwisho Kuvuka Ngazini

"Mama, pale hapajawahi kuwa na bandari. Bandari iko Musoma. Pale palikuwa na matope, mitumbwi na watu wa kupita."

Ulikuwepo, Rhobi mwanangu, ulimsikia kwa masikio yako. Afisa yule kijana, aliyetumwa kuchora ramani mpya ya vijiji vyetu, alisema hivyo mbele ya mkutano mzima, kisha akafunua ukurasa mwingine kama mtu aliyemaliza. Sikumchukia. Kwao ni mbali, na hakuna aliyemweleza. Lakini alikuwa amekosea, na kosa linalosemwa kwa upole huniudhi kuliko tusi, kwa sababu watu huliacha lipite. Nikasimama.

Nilimuuliza bandari ni nini. Akasema ni mahali meli zinapotia nanga. Nikamwambia basi afute nusu ya bandari zilizomo vitabuni, maana nyingi zilianza kabla hazijaona meli. Bandari ni mahali mzigo unapotoka majini ukaingia nchi kavu, na watu wakajenga maisha yao juu ya kazi hiyo. Nikamweleza Ngazini. Kwamba wazee wa hapa Kemambo walichimba ngazi kwenye ukingo wa udongo kwa majembe, kutoka majini hadi juu, pana kiasi cha punda wawili kupishana, ndipo pakapata jina. Kwamba wakati wa masika mitumbwi mirefu ilipanda Mto Mara kutoka upande wa ziwa, ikipenya kwenye matete, ikaleta samaki wakavu na chumvi. Watu wa Natta na Ikoma walifika ukingo wa kusini na asali na ngozi, sisi Wakurya tukashuka ukingo wa kaskazini na ulezi na tumbaku. Waislamu wa Mugumu na Tarime walijenga vibanda vya bati, na Mzee Idi, muuza chumvi, alikuwa na mizani iliyoaminiwa na watu wa lugha nne ambao hawakuaminiana wao kwa wao. Kisha ikaja dhahabu. Vijana wakamiminika kutoka kila mkoa na majembe, makarai, pampu na zebaki, na vyote hivyo vilipita kwenye ngazi zile zile za udongo. Nikamuuliza: hayo ni matope?

Watu walipiga makofi. Afisa aliandika kitu. Nilirudi nyumbani nimejaa, kama ninavyojaa kila mara nikishinda. Wewe ulitembea mbele yangu hadi kwenye ule uzio wa mikonge, ukasema bila kugeuka:

"Umemweleza ilivyozaliwa. Hukumweleza ilivyokufa."

"Ilikufa kwa sababu ya daraja," nikasema. "Kila mtu anajua."

"Hivyo ndivyo unavyosema mkutanoni, mama."

Ukaingia ndani kuchambua mchele. Siku zote tangu hapo sijakujibu, na wewe unajua mimi si mtu wa kukaa na swali bila kulijibu. Sasa umekwenda Kewanja kumuaga bibi yako. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kwa ile kamba ya kijani. Mambo ya sabuni, shuka na nauli shangazi yako ameyamaliza, sitayarudia. Nitakujibu lile swali.

Unaikumbuka Ngazini kidogo sana. Ulikuwa unajifunza kutembea, na nilikufunga kwa kanga kwenye mguu wa meza ili usifike ukingoni. Kibanda changu cha chai kilikuwa juu kabisa, pale ngazi zinapoishia. Mlango ulitazama njia ya kwenda kwenye mashimo ya dhahabu na dirisha lilitazama kona ya mto. Mandazi nilifunga kwa magazeti ya zamani niliyonunua kwa kilo, na kila gazeti nililisoma kabla sijalichana. Ndiyo maana wakaniita Mama Gazeti. Mwalimu mmoja wa Bukoba aliyehamishwa aliniachia sanduku la vitabu, nikavimaliza vyote, hata cha ufugaji wa nyuki. Nilikuwa na maneno mengi kuliko mwanamke yeyote kwenye ukingo ule, na kuliko wanaume wengi pia.

Baba yako alikuwa mpiga kasia. Opiyo alitoka ziwani na mtumbwi wa mjomba wake, akaja msimu mmoja, akabaki. Watu wangu hawakupenda niolewe na Mjaluo. Nao niliwashinda kwa maneno, lakini hiyo ni vita ninayoshukuru kwamba niliishinda.

Sasa sikiliza desturi ya pale, maana kila kitu kinaanzia hapo.

Mitumbwi ilivuka kwa pamoja, asubuhi moja na alasiri moja, sita au saba ikifuatana. Waliovuka pamoja walihesabiwa kuwa safari moja. Aliyefika wa kwanza alishuka, akasimama kwenye ngazi za chini akiutazama mto, akangoja. Wa pili naye akangoja. Hakuna aliyepanda juu mpaka mtumbwi wa mwisho uwe umegusa udongo. Hata diwani alisimama. Hata mtu mwenye mgonjwa alisimama, mgonjwa akapandishwa na watu wa ukingoni. Aliyekiuka hakupigwa wala hakutozwa kitu, ila safari inayofuata hakupata mtumbwi wa kumbeba. Mtumbwi wa mwisho ulibeba mzigo mzito zaidi, na ulipewa mpiga kasia mwenye nguvu zaidi. Kwa miaka yote niliyokuwa pale, huyo alikuwa baba yako.

Wachimbaji walipokuja, desturi hiyo iliwachoma. Kijana amesikia kuna shimo jipya limeanza kutoa, amevuka mto, anaiona njia pale juu, halafu mzee anamwambia, "Mura, kijana wangu, teremka. Wenzako bado wako majini." Wengine walilia kwa hasira. Wale waliokuja na maneno ya Sirari, kule mpakani, walitukana kwa Kiswahili cha Kenya na Kiingereza kilichochanganywa. Nami huku juu nilikuwa na birika linachemka na wateja wamesimama chini kwenye jua hawaruhusiwi kupanda. Watu wanaodai kwamba niliyoyasema baadaye niliyasema kwa sababu ya kuuza chai wananionea. Hawanionei sana.

Wachimbaji wakaomba mkutano. Ulifanyika ukingoni, wapiga kasia upande mmoja, wao upande mwingine, na Mzee Matiko katikati, aliyekuwa mkubwa wa wapiga kasia wote. Hakuna mwanamke aliyewahi kusema katika mkutano wa wapiga kasia. Nilikuwa nimekubeba mgongoni. Nikaamkia wazee, "Shikamooni," wakaitikia, nikaendelea kusimama.

"Mzee Matiko," nikasema, "tunangoja kwa nini?"

"Tunangoja wa nyuma, binti."

"Hilo naliona. Nauliza faida yake. Tukingoja, mtumbwi unakuja haraka zaidi?"

"Hauji haraka."

"Mzigo unakuwa mwepesi?"

Watu wakaanza kucheka.

"Nitajie mtu mmoja basi, mmoja tu, aliyeokolewa na kungoja kwenu."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli, hakuwa akijifanya. "Sina mtu wa kukutajia," akasema. "Sisi tulikuta hivi."

"Na ng'ombe wako, mzee, nao wameikuta njia ya kwenda majini. Ukiwauliza kwa nini inapinda pale kwenye kichuguu, watakujibu nini?"

Mwanangu, walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata wapiga kasia walicheka. Mzee Matiko mwenyewe alitabasamu kidogo, akaangalia mikono yake. Desturi iliondoka siku ile, bila kura na bila ugomvi. Iliondoka kwa kicheko. Nilipanda ngazi zile nikiwa najiona mrefu kuliko dirisha langu.

Jioni ile baba yako alikuwa akiziba ufa wa mtumbwi nyuma ya kibanda.

"Umewavua nguo wazee," akasema.

"Nimewaambia ukweli."

"Umewaambia vizuri, hilo nakubali."

"Na wewe mbona ulinyamaza? Kama ulikuwa na la kusema ungesema."

Akacheka. "Niseme nini, Mama Rhobi? Wa mwisho ni mimi. Mtu atasimama mkutanoni ajiombee mwenyewe kungojwa?"

Nikaona ni utani. Nikampa chai. Nimeyasikia maneno hayo kila siku tangu wakati ule, na sasa sisikii utani wowote ndani yake.

Ilipita miezi, na hakuna kilichotokea. Hilo nakuomba uliweke akilini, kwa sababu ndilo lililonidanganya zaidi ya yote. Watu walivuka, wakapanda, wakaenda. Biashara ikakua. Kila siku iliyopita salama niliihesabu kuwa ushahidi wangu, na nilimkumbusha Mzee Matiko kila alipokuja kunywa chai. Alikuwa akisema, "Ni kweli, Mama Rhobi, ni kweli," akipuliza kikombe.

Kisha ikaja asubuhi ile. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu huko Kenya. Kwetu jua lilikuwa kali na vumbi limejaa. Mto ulikuwa umepanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Safari ilikuwa imejaa watu, maana habari zilikuwa zimefika ng'ambo kwamba upande wa Kewanja wamefikia mwamba wenye dhahabu. Mitumbwi ya mbele ikagusa ukingo na watu wakapanda mbio, wengine wameshika viatu mkononi. Wapiga kasia wao wakapanda nyuma yao, nao wakitaka kusikia. Kibanda changu kilijaa hadi nje. Nilikuwa nikimimina chai kwa mikono miwili, na dirisha langu, lile linalotazama kona ya mto, nilikuwa nimelipa mgongo.

Mti mzima ulikuja na maji, na mizizi yake. Aliye ndani ya mtumbwi hawezi kuiona kona ile. Matete yanaificha mpaka kitu kiwe kimeshafika. Aliyesimama kwenye ngazi anaiona mapema. Nimekwenda kusimama pale mara nyingi baadaye, kwenye ngazi ya chini, nikatazama. Inaonekana waziwazi. Mtu mmoja angepiga kelele, naye aliye majini angegeuza kasia, akarudi nyuma, mti ukapita. Kwa miaka mingi watu arobaini walisimama pale kila asubuhi wakiutazama mto, na bila shaka walipiga kelele mara nyingi, na wapiga kasia waligeuza, wakafika, na hakuna aliyeita hilo kuokolewa. Iliitwa kuvuka tu. Kwa hiyo nilipotaka nitajiwe mtu mmoja, hakupatikana hata mmoja.

Siku ile ngazi zilikuwa tupu.

Sikusikia chochote. Mzee Idi alikuja mlangoni akajipenyeza katikati ya watu. Chumvi yake ilikuwa kwenye mtumbwi wa mwisho.

"Mama Rhobi, Opiyo amefika?"

"Yuko njiani," nikasema. "Kunywa chai kwanza."

Akanywa. Alikunywa yote, Rhobi. Nikampa na andazi.

Wavuvi walimpata baba yako chini kwenye matete, na ndugu zake wakaja kumchukua akazikwe kwao ziwani. Kaburi unalijua. Usilolijua ni kwamba Mzee Matiko alikuja matangani, akakaa kwenye kigoda karibu nami siku nzima bila kusema neno. Mimi nilikuwa nangoja anihukumu. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu, unaweza kuamini? Mume wangu hajazikwa, nami kichwani najipangia majibu. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Sema basi, mzee. Sema uliniambia."

"Sikukuambia," akasema. "Siku ile sikuwa na neno, na leo sina. Hata mimi sikujua kwa nini tunangoja, Mama Rhobi. Nimejua pamoja na wewe." Kisha akauliza, "Chai ipo?"

Nikainuka kumtengenezea. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia wema mkubwa kuliko ule.

Sasa swali lako. Ngazini ilikufaje?

Daraja lilikuja baadaye, karibu na ngazi zile, hilo ni kweli, na barabara, na mgodi mkubwa wenye uzio. Vitabu vitaandika hivyo, na afisa akirudi ataandika hivyo. Lakini bandari ilikuwa imekufa kabla nguzo ya kwanza ya daraja haijasimamishwa. Nilikuwepo. Ilikufa kwa sababu baada ya baba yako hakuna mpiga kasia aliyekubali kuwa wa mwisho. Walijaribu kurudisha desturi, Mzee Matiko akasimama ukingoni akiwaita watu kwa majina, lakini jambo lililofukuzwa kwa kicheko halirudi kwa kuitwa. Kila mtu alitaka kuondoka wa kwanza. Walisukumana kule ng'ambo, mitumbwi ikagongana, na mizigo mizito ikaachwa kwenye ukingo wa kusini ikinyeshewa. Mzee Idi alipoteza chumvi mara mbili, akaibeba mizani yake akahamia Mugumu. Watu wa Natta wakaacha kuleta asali. Msimu uliofuata hakuna mtumbwi wa ziwani uliopanda. Mvua ikala ngazi. Siku hizi mbuzi ndio wanaozitumia, zilizobaki.

Bandari nzima, iliyobeba dhahabu, chumvi na lugha nne, ilishikiliwa na kitu kimoja: mtu kukubali kuwa nyuma kwa sababu anajua walio mbele watamngoja. Mimi sikukiona. Nilidhani asiyeweza kunijibu hana jibu. Na nilikuwa sahihi kwa mengi, hilo sitaliacha hata leo. Wachimbaji walikuwa wakionewa, na mwanamke alistahili kusema. Ningesimama tena. Ila ningeuliza, halafu ningenyamaza muda mrefu kidogo, nikateremka nikasimama nao asubuhi kadhaa, nikautazama mto.

Na ona, sikujifunza. Mwaka mzima huu nimepigana na wewe. Uliposema unataka kwenda Mwanza kusomea kazi ya melini, nilikuuliza nini faida yake. Nikakuuliza ni wasichana wangapi unaowajua wanaoongoza meli. Nikakuuliza kama maji hayajatosha kuchukua mtu katika nyumba hii. Ulinyamaza kila mara, nami kila mara nikaenda kulala nikidhani nimeshinda. Wiki iliyopita nilikukuta uani ukimwosha mbuzi mguu, nikakuuliza tena, "Kwa nini maji, Rhobi? Nipe sababu moja." Ukaangalia mikono yako. Ukasema, "Sina, mama. Nataka tu."

Uliangalia mikono yako kama Mzee Matiko. Nikaingia ndani nikakaa.

Sina haja ya sababu tena. Nenda. Labda utaijua ukiwa huko, labda tutaijua pamoja, labda haitapata jina kamwe. Naogopa. Naogopa sana, na ni mara ya kwanza ninakuandikia neno hilo bila kulivalisha hoja.

Bado jambo moja. Tangu siku ile mimi sijavuka Mto Mara. Unajua, ingawa hujawahi kulisema. Dada yangu wa Natta aliniita kwenye harusi ya mwanawe, sikwenda; alipofiwa, nilituma salamu na sukari. Kila mara nilikuwa na sababu, na zilikuwa nzuri, hakuna aliyeweza kuzipinga. Na wewe juzi ulisema tuagane hapa nyumbani, nisikusindikize, gari litakupitisha darajani mpaka Mugumu na huko utapata basi. Ulisema hivyo kunipunguzia. Nimeelewa, na nimekataa.

Kesho nitakuja nyuma ya gari lenu kwa miguu mpaka darajani, na nitavuka. Sitapanda gari. Nataka kuyaona maji yale chini yangu, na nataka kwenda polepole, na huenda nikasimama katikati kwa muda. Ng'ambo nitakuaga, kisha nitaendelea mpaka Natta kwa dada yangu.

Kwa hiyo sikilizeni. Wewe Rhobi, na vijana wale wawili wa Kewanja mnaosafiri pamoja, na dereva pia, msomee maneno haya. Mkishavuka daraja, simamisheni gari. Dereva akisema mnachelewa, msibishane naye, shukeni tu. Teremkeni mpaka ukingoni, mgeukie mto, muitazame kona. Asiondoke hata mmoja wenu, na wewe usinifuate kunishika mkono.

Wa mwisho ni mimi. Ningojeni.

Mama yako